Jibu: Nataka kuchora mashairi, maumbile na uanamke, lakini kila picha inatoka binti mrembo na maua. Nakosea wapi?

Mdogo wangu mleta uzi, salaam.

Uzi wako nimeusoma tangu juzi, na majibu yote chini yake, nikawa naandika nafuta. Unasema una miaka 23, uko Mwanza, umependa mashairi tangu sekondari, na unataka picha zako zitokane na maumbile, ushairi na uanamke. Lakini ukishika brashi unaishia pale pale: binti wa shingo ndefu, macho kayafumba, maua yamemzunguka kichwa. Picha tatu ulizoweka nimezitazama kwenye simu, halafu nikazitazama tena kwenye kompyuta ya mwanangu nisije nikakuhukumu kwa kioo kidogo. Mkono unao, hilo lisikutie wasiwasi. Shida yako iko kwingine, na naijua kwa sababu niliishi nayo miaka minne.

Mwenzetu mmoja hapo juu kakushauri uhamie kwa twiga na tembo, maana ndivyo vinavyouzika. Ni kweli vinauzika. Ila wewe hukuuliza kinachouzika.

Kwanza nijieleze, usije ukadhani unasikiliza profesa. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, sanaa sikuisomea. Brashi yangu ya kwanza ilikuwa njiti ya ufagio wa chelewa, nikichora hina. Alinifundisha shangazi yangu, baba mdogo akinung'unika kwamba napoteza muda wa masomo. Hina ina adabu zake. Ukikosea hufuti, kosa unaligeuza jani. Unachora juu ya kitu kilicho hai: mkono unatoka jasho, mwenye mkono anacheka, anapokea simu, anataka kujikuna pua. Na kubwa kuliko yote, unachora kitu ambacho hujakiona bado. Ukipaka ni tope la kijani tu, ukibandua ni rangi ya chungwa, rangi yenyewe inakuja kesho yake au keshokutwa, na hapo wewe umeshalipwa umeshaondoka. Nimewachora mabibi harusi kwa miaka mingi kabla sijagusa kitambaa cha kuchorea, na hadi leo nikiishiwa hela narudi kwenye hina bila aibu.

Nilipohamia Dar kwa ajili ya ndoa, nikawafahamu wachoraji wa picha za Tingatinga kule Msasani. Mmoja wao alinionesha namna ya kuituliza rangi ya enameli, ile ya makopo ya dukani ya kupakia baiskeli, ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuipaka kwenye vibao mwaka 1968. Enameli inateleza kama asali, ukiwa na haraka inakuumbua. Nikanunua makopo manne na vibao viwili vya hadibodi. Picha yangu ya kwanza ilikuwa nini? Binti mrembo na maua. Ya pili, binti mrembo na maua na mtungi. Kwa hiyo ukoo wetu ni mmoja.

Shairi lililonitoa huko ni lile la Shaaban Robert la kumlilia mkewe, Amina. Wengi tumelikariri shuleni. Sisi watu wa Tanga huwa tunajidai nalo zaidi, kwa sababu Shaaban alizaliwa kwetu, Vibambani, mwaka 1909. Mle ndani anamfananisha marehemu na ua lililofunga baada ya kuchanua. Mimi nikalichora. Nikamlaza mwanamke kwenye shuka jeupe, asumini zimemjaa kichwani, kifuani, miguuni, nyingine zinamdondokea kutoka juu. Nyeupe juu ya nyeupe, kazi ya wiki tano. Kila aliyeiona alisema nzuri. Jamaa mmoja akataka kuinunua nikakataa, nikaibeba kwa basi hadi Tanga nikamwoneshe shangazi kwanza.

Shangazi aliitazama muda mrefu. Akafuta mikono kwenye kanga, akasogea, akarudi nyuma. Halafu akasema, "Mwanangu, asumini haifungi. Asumini inaanguka."

Basi tu. Akarudi jikoni.

Niliona kizunguzungu, kwa sababu alikuwa anasema kweli na mimi nimekulia chini ya mti wa asumini. Inachanua jioni, inanukia usiku kucha, asubuhi unaikuta chini mzima mzima, ingali wazi. Watoto tulikuwa tunaziokota kwenye kawa. Haijapata kufunga hata siku moja. Shairi lenyewe halitaji jina la ua. Asumini nimeitia mimi, kwa sababu asumini ndiyo imezoeleka, ndiyo inayokuja haraka mtu akitajiwa mwanamke wa pwani. Sikuwa nimechora shairi wala ua. Nilikuwa nimechora mazoea.

Jioni nikamuuliza, sasa ua gani linafunga? Akaniambia nisubiri kesho. Asubuhi, kwenye saa moja hivi, akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye mboga zake za maboga. Maua yalikuwa wazi kama sahani, rangi ya chungwa inayokaribia kuunguza macho, nyuki wamo ndani. Akaniambia niende zangu nikanywe chai, nirudi saa tano. Niliporudi yote yalikuwa yamejifunga. Si kwamba yalinyauka, yalijifunga: ncha tano zimekutana, zimejisokota, ile chungwa yote imeingia ndani, nje imebaki mishipa ya kijani. Unajua yalifanana na nini? Ncha ya kanga iliyofungwa pesa. Vile vile, hadi ule msokoto wa mwisho unaousukumiza na kidole gumba.

Nilikaa Tanga siku kumi na moja ambazo sikuwa nimezipanga. Kila alfajiri nimeketi kwenye kigoda nyuma ya jiko na penseli, nachora ua moja kila nusu saa mpaka lifunge. Siku ya nne ndipo nilipoona jambo ambalo kila mkulima analijua na mimi nilikuwa nalipita: maua ya boga yako dume na jike. Dume limesimama kwenye kikonyo chembamba, halina kitu chini. Jike unalijua kwa kiboga kidogo kama gololi kilicho chini ya ua hata kabla halijafunguka. Ua jike likifunga, kama nyuki alipita, kile kiboga ndiyo kinaanza kukua. Sasa rudi kwenye shairi na macho hayo. Mimi tangu shule nililisoma kama shairi la kitu kilichokwisha. Tangu siku ile nikisikia "kufunga" naona pia kinachoachwa chini ya ua.

Picha iliyotoka haina mwanamke. Ina ncha ya kanga iliyofungwa, imelala kwenye meza ya mbao, na ukiikazia macho unashindwa kusema kama ni kitambaa au ni ua la boga. Chini yake kuna kitu cha mviringo kimejitokeza kidogo. Anayedhani ni sarafu sawa, anayedhani ni boga sawa. Niliipa jina Amina. Wanawake watatu wamelia mbele yake, na hakuna hata mmoja niliyemsimulia habari za Shaaban Robert.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, "nawezaje kuunganisha maumbile na ushairi", jibu langu ni kwamba uvipambanishe kwanza. Mshairi akisema ua, wewe nenda ukaulize ua gani, saa ngapi, likiwa katika hali gani. Mara nyingi ukirudi na jibu utakuta picha imekwishajichora yenyewe, na sura ya binti haina pa kukaa.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae kitako kuandika. Umeuliza: "shairi lina picha nyingi, nichague ipi?" Mimi nakwambia ikibidi usichague hata moja. Chukua kipimo chake.

Nikueleze nilivyofika hapo. Baada ya Amina nilijiona bingwa, nikaingia kwenye Utendi wa Mwana Kupona. Kwa wasioujua: Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na anasema mwenyewe kwamba maradhi yamemshika hata umetimia mwaka. Ndani yake anamuusia binti mambo mengi, ya dini, ya ulimi, ya nyumba, na ya kujipamba. Kuna ubeti huu:

Nawe ipambe libasi
ukae kama arusi
maguu tia kugesi
na mikononi makoa

Kugesi ni vikuku vya miguuni, makoa ni bangili. (Ubishi wa kama utendi ule unamkandamiza mwanamke au unamlinda tuuache kwa uzi mwingine, najua utafika kurasa arobaini na utafungwa na wasimamizi.)

Ulivyo ubeti huo, unadhani nilichora nini? Bibi harusi. Vikuku, bangili, kidani, kila kitu mahali pake. Ilikuwa kama tangazo la sonara. Nikaigeuza uso ukutani.

Nilikaa nao wiki kadhaa nikiukariri huku naosha vyombo. Nikaanza kupiga vidole mezani bila kujijua: mizani nane, yaani silabi nane, nane, nane, nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, si, si, si, halafu cha nne kinakwenda zake, na kile cha nne ndicho kinachofanana na cha nne cha ubeti uliopita na cha nne cha ubeti unaofuata, mpaka mwisho wa utendi. Hayo niliyafundishwa shuleni nikayajibia mtihani, lakini hapo kwenye karai la vyombo ndipo nilipoyaona kwa macho: vibao vitatu vya rangi moja na cha nne cha rangi nyingine, safu chini ya safu, na ile rangi ya nne inashuka kama maji kutoka juu hadi chini.

Nikakata hadibodi vipande 24, kila kimoja sentimita 20 kwa 20. Beti sita, vipande vinne kila ubeti. Safu ya kwanza vitatu vya rangi ya hina iliyoiva, ya pili vya rangi ya fedha iliyochoka, ya tatu vya wanja, na kuendelea. Kipande cha nne cha kila safu ni kijani cha maji ya mkokoni wakati yanajaa, kile kijani chenye tope. Kwenye kila kibao kitu kimoja tu: kikuku, chupa ya marashi, kichana, kawa lenye asumini (safari hii zimeanguka kama inavyotakiwa), kijiti cha wanja, sahani ya hina. Mtu hayumo. Na kwa kuwa anayeusia ni mama aliyekwisha ugua mwaka mzima, kila rangi niliichanganya na kijivu kidogo kabla ya kuipaka. Hakuna rangi iliyotoka kwenye kopo moja kwa moja. Hicho kijivu kilinigharimu, maana mteja wa kwanza alisema picha zimepauka, lakini hapo sikurudi nyuma. Vito vya harusi vikisimuliwa na mgonjwa vinakuwa na rangi nyingine.

Siku ya maonyesho alikuja mzee mmoja, kwa lafudhi yake nikamjua ni mtu wa Lamu. Akaanza kushoto kwenda kulia, kibao baada ya kibao, na nikasikia ananong'ona. Nikasogea. Alikuwa anaghani, utendi wenyewe, kwa sauti ya chini kabisa, kibao kimoja kipande kimoja, na akifika cha nne anavuta pumzi. Sikuwa nimeandika popote kwamba zile picha ni utendi. Ukutani paliandikwa "Vyombo vya Mama" tu.

Shairi la kawaida nalo lina kazi yake nyingine. Mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Ukilifanya kuwa picha unapata mstari wa wima katikati ambako kitu kinajirudia, na ukingo wa kulia ambako kitu kingine kinajirudia. Nimejaribu mara nne, nimefaulu mara moja. Kibwagizo sijakiweza bado. Nikirudia umbo lile lile chini ya kila kipande inakuwa kama karatasi ya kupambia ukuta. Ukikiweza wewe, nifundishe.

Na kabla hujasema kwamba hizo ni hesabu zitaua hisia: kanga unayojifunga kila siku ni picha yenye kipimo. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji. Ni picha na maneno kwenye kitambaa kimoja, na mwanamke anachagua avae maneno gani mbele ya nani. Sijaona mtu aliyelalamika kwamba pindo limemuua hisia.

Kuhusu uanamke. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Binti zako watatu wote wamefumba macho. Kwa nini? Wamelala? Wanasikia raha? Nilivyokuwa nafanya hivyo mimi, ni kwa sababu macho yaliyo wazi yangeniuliza kitu. Na mikono yao uliificha, mmoja nyuma ya mgongo, wawili kwenye maua. Mimi ni mchora hina, kitu cha kwanza kutazama ni mikono. Kaa mahali wanawake wanapofanya kazi, chora mikono tu kwa mwezi mmoja. Anayesuka ukili, anayepara samaki, anayemfunga mtoto mgongoni (ile sekunde ambayo mtoto hajashikwa na mkono wala na kanga, yuko mgongoni kwa mizani tu, nimeihangaikia mwaka mzima). Sura itakuja yenyewe ikitaka.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipotoka Fumba kuja mjini Unguja, walimwimba kwa dharau kwamba kaja na kaniki, kile kitambaa cheusi cha watu maskini. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mimi nikalichukua tusi lenyewe. Nikanunua kaniki, nikaivuta kwenye fremu, nikaipaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, bila rangi nyeupe ya chini. Jaribu siku moja. Ukichorea kwenye nyeupe unatia giza, ukichorea kwenye kaniki unatia mwanga, na lazima uamue mwanga unatoka wapi. Nilichora vyungu vitano juu yake, kwa sababu kwao walikuwa wafinyanzi. Ile ndiyo picha yangu ya kike kuliko zote, na watu wanadhani ni picha ya vyungu.

Ukitaka wa kuwatazama, mtafute Theresa Musoke wa Uganda. Angali mwanafunzi Makerere alichora ukutani, kwenye bweni la wasichana la Mary Stuart Hall, picha ya uzazi. Mtafute pia Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa pale Makerere, mapema miaka ya 1950. Alikuja kuwa mwalimu, akakaa miaka mingi bila kutengeneza sanaa, na aliporudi hakuwa na hela ya rangi, akawa anachana pakiti za unga na za sabuni, anabandika. Kuku, wanawake, mashamba, vyote kwa karatasi za dukani. Yule bwana aliyesema hapo juu kwamba bila rangi za kutoka Ulaya usianze, asome habari za Karuga.

Ila rangi za jikoni nakuonya, kwa sababu umesema unataka kutumia "rangi za asili ili maumbile yawe ndani ya picha yenyewe". Wazo zuri, na mimi liliniaibisha. Nilichora picha tatu kubwa kwenye amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi; manjano nimetumia binzari, kahawia nimetumia hina. Zikanunuliwa na hoteli moja ya ufukweni, zikatundikwa mapokezi mkabala na dirisha. Baada ya miezi minane nikapigiwa simu. Nilipofika, manjano yote ilikuwa imekwenda. Haikupauka tu, haikuwepo kabisa. Mashamba yangu ya alizeti yamebaki vijiti vya kahawia, na hina nayo imekuwa kama chai ya rangi iliyokaa. Walitaka hela zote, tukaelewana nirudishe nusu. Nilitoka pale natamani lami ipasuke.

Binzari haivumilii jua, ndivyo ilivyo. Sasa kila rangi ninayotaka kutumia naipaka kwenye kipande cha amerikani, nusu yake naifunika kwa boksi gumu, nakiacha dirishani miezi miwili. Nikifunua nikaona mpaka kati ya nusu mbili, rangi hiyo naiacha kwa wapishi. Udongo mwekundu haujawahi kuniangusha: unauponda, unauchekecha kwa kitambaa mara tatu, unachanganya na gundi nyeupe au kimiminika cha akriliki. Mkaa vile vile. Magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, yaliyochemshwa yanatoa wekundu wa damu kavu, na kwenye majaribio yangu yamestahimili kuliko hina, lakini natumia kwa picha ninazobaki nazo mwenyewe. Za mteja ni akriliki. Amerikani ukiivuta, ipake gundi kwanza, kisha rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, piga msasa katikati. Inatosha kabisa kwa anayeanza, na ni rahisi mara kadhaa kuliko turubai la dukani.

Chuo: ukipata nafasi nenda, Bagamoyo pale TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utapata watu wa kubishana nao. Usipopata, usingoje.

Sasa wewe na Mwanza. Nimeona kwenye picha yako ya pili umechora minazi. Minazi ya nini, mdogo wangu? Hiyo ni ya kwetu, na sisi wenyewe imetuchosha. Wewe una ziwa. Una mawe yaliyopandana ambayo mtu wa Tanga akiyaona anadhani yamepangwa na jitu. Una dagaa, wanaovuliwa usiku wa giza la mwezi kwa taa, halafu asubuhi wanawake wanawamwaga na kuwatandaza juani. Niliwahi kuliona jambo hilo mara moja tu, nilipokuja kwenye msiba, na sijalisahau: fedha yote ile chini, wanawake wameinama, na fedha inageuka kijivu mbele ya macho yako kadiri jua linavyopanda. Kutoka saa moja hadi saa nne una picha nne, tatu za kina kimoja na ya nne inayokwenda zake. Umeuona utendi huo? Uko mlangoni kwako.

Na kama lazima uwe na ua, basi chukua ua la magugu maji. Nakusihi. Ni zuri, zambarau ya hariri, lina doa la manjano kwenye petali ya juu kama jicho la tausi. Hilo hilo ndilo lililotapakaa ziwani miaka ya 1990 likaziba mialo ya wavuvi na kunasa mitumbwi. Kaulize wanawake wa mwaloni wanalionaje. Halafu lichore jinsi wanavyoliona wao, bila kuupunguza uzuri wake hata kidogo. Mashairi ya ua unayoyajua yote hayajakutana na ua la namna hiyo, kwa hiyo ubeti utautunga mwenyewe. Mizani nane kwa kila kipande, usidanganye kwa kuvuta silabi.

Kesho saa nne nina bibi harusi Kariakoo na hina bado sijailoweka, niishie hapa. Usiku nitapita. Weka michoro ya penseli tu, ua moja, kila nusu saa, hata ikiwa kumi na yote ni mibaya. Na ukipelekwa ziwani kulichora hilo ua, chora pia mikono ya aliyekusogezea mtumbwi. Hiyo ndiyo nitakayoanza kuitazama.